Neno la Siri Lisilohifadhiwa Popote

Mkazi wa Lubumbashi mwenye simu janja, anwani ya barua pepe, akaunti ya benki anayoifungua kwa simu na kurasa mbili tatu katika mitandao ya kijamii hudaiwa maneno ya siri mengi kuliko kumbukumbu ya kawaida inavyoweza kubeba, na kila huduma humtaka aweke neno refu, lisilofanana na la huduma nyingine, tena asiliandike mahali popote. Masharti hayo matatu hayatimiziki pamoja kwa kichwa kitupu, na kwa sababu hiyo kila mtu huvunja mojawapo: huyu hutumia neno fupi, yule hutumia neno lilelile kila mahali, na mwingine huyaandika yote ndani ya simu ileile ambayo maneno hayo yanailinda. Ipo njia ya nne, nayo ni kutoyahifadhi maneno hayo kabisa, bali kuyazalisha upya kila yanapohitajika kutokana na siri moja iliyokaririwa na kanuni ya hesabu isiyobadilika, hivi kwamba siri ileile na jina lilelile la huduma hutoa neno lilelile leo, kesho na baada ya miaka kumi. Njia hiyo ina manufaa makubwa, lakini ina masharti ambayo wanaoisifu huyapita kimya, na makala haya yatakaa zaidi kwenye masharti hayo.

Ni vema kwanza kueleza adui anavyofanya kazi, kwa kuwa watu wengi humwazia mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akibuni majina moja baada ya jingine. Mdukuzi wa kweli ana programu inayojaribu mamilioni ya makisio kwa sekunde, na programu hiyo hulishwa orodha za maneno ambayo binadamu wameyatumia kweli. Orodha mashuhuri kati ya hizo ilitokana na kampuni ya RockYou ya Marekani, iliyoibiwa mwaka 2009 maneno ya siri zaidi ya milioni 32 yaliyokuwa yamewekwa wazi bila kufichwa kwa namna yoyote, na lililoongoza kwa wingi wa watumiaji lilikuwa 123456. Kutokana na orodha kama hiyo programu hujifunza tabia: jina la mtu likifuatiwa na mwaka wa kuzaliwa, jina la mji likifuatiwa na namba ya simu ya nchi, jina la timu likifuatiwa na mwaka wa fahari yake. Anayeandika lushi243, yaani jina la mkato la Lubumbashi na namba ya simu ya Kongo, hajaficha kitu. Anayeandika mazembe na kuongeza mwaka ameacha makisio machache ya kuchekesha, kwa kuwa kinachobaki ni kuchagua kati ya 1939, ambao ni mwaka wa kuanzishwa kwa timu ya TP Mazembe ya Lubumbashi, na miaka mitano ya ubingwa wa Afrika, yaani 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Na shabiki wa Lupopo, timu nyingine ya Lubumbashi, hana la kujivunia hapa, kwa kuwa timu yake nayo ni ya mwaka 1939. Kubadilisha herufi a kuwa @ au o kuwa sifuri hakusaidii sana, kwa sababu programu zilijifunza ujanja huo zamani. Hata Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, ambayo mwongozo wake wa awali ulieneza duniani desturi ya kudai herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadilisha neno mara kwa mara, iliuandika upya mwongozo huo mwaka 2017, ikaweka urefu mbele ya mapambo na kuacha kudai mabadiliko ya kila baada ya muda fulani.

Huduma iliyojengwa vizuri haihifadhi neno lenyewe bali heshi yake, na heshi ni matokeo ya hesabu inayokwenda upande mmoja tu: neno likiingizwa hutoka mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana nalo, na kutoka kwenye mfuatano huo haiwezekani kurudi nyuma isipokuwa kwa kukisia. Kwenye hesabu hiyo huongezwa chumvi, yaani kipande cha herufi za kubahatisha kinachotofautiana kwa kila mtumiaji, ili watu wawili wenye neno moja wasipate heshi moja. Si huduma zote zinazofuata utaratibu huo. Mwaka 2012 mtandao wa LinkedIn uliibiwa heshi ambazo hazikutiwa chumvi, na maneno mengi yakafumbuliwa haraka. Neno lililofumbuliwa mahali pamoja hujaribiwa papo hapo kwenye barua pepe, benki na kila mlango mwingine wa mtu yuleyule, na ndiyo maana kutumia neno moja kila mahali ni kosa kubwa kuliko kutumia neno dhaifu mahali pamoja.

Dawa inayopendekezwa na wataalamu wengi ni programu ya kutunza maneno ya siri, ambayo huyafungia yote ndani ya sanduku moja lililosimbwa, na kwa watu wengi dawa hiyo inatosha. Ina udhaifu wake hata hivyo. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass ilipenyezwa, na nakala za masanduku ya wateja zikachukuliwa, kisha usalama wa kila mteja ukabaki kutegemea ubora wa neno kuu alilolichagua. Hapa Kongo kuna jambo jingine la kufikiria: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini na kukaa hivyo kwa takriban wiki tatu, na sanduku linalokaa kwenye seva ya mbali halina msaada wowote katika siku kama hizo. Simu kunyakuliwa, betri kufa wakati wa mgao wa umeme, kompyuta kutumiwa na watu kumi kwa siku: hayo yote ni mambo ya kawaida Lubumbashi, na kila moja humpa mtu sababu ya kutaka siri yake ikae kichwani badala ya kukaa ndani ya chombo.

Kanuni inayohalalisha kuzalisha badala ya kuhifadhi iliandikwa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliposema kwamba mfumo wa kuficha ujumbe unapaswa kubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo wenyewe haujulikani. Kaskazini mwa Lubumbashi, katika nchi ya Waluba, wazo la jirani na hilo lilikuwa na chombo chake, nacho ni lukasa, ubao wa mti wa kushikika mkononi uliopambwa kwa shanga, simbi au vipande vya chuma, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia huku wakisimulia habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga pamoja na mpangilio wa watawala waliowafuata. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kumaanisha mtawala na watu wa baraza lake, lakini aliyeiona bila kufundwa aliona shanga tu. Kwa upande huo lukasa inakubaliana na Kerckhoffs, kwamba chombo kinaweza kuonekana na siri ikabaki siri. Kwa upande mwingine haikubaliani na haja ya neno la siri hata kidogo, kwa kuwa watafiti wa sanaa ya Waluba wameeleza kwamba ubao uleule ulisomwa kwa namna tofauti kufuatana na msomaji, hadhira na jambo lililokuwa likijadiliwa, na uhuru huo ulikuwa sehemu ya nguvu yake. Kompyuta haina subira ya namna hiyo, maana herufi moja ikikosewa mlango haufunguki, na kumbukumbu ya binadamu, ambayo ni hodari wa kushika maana, ni dhaifu katika kushika herufi. Mtu anayetaka kuzalisha maneno yake bila kuyahifadhi anapaswa kuupanga utaratibu wake wote kwa kuzingatia udhaifu huo.

Jambo la kwanza ni siri kuu, yaani ile moja itakayokaririwa, na hapa shauri lenye uzito kuliko yote ni kwamba mtu asiichague mwenyewe. Akili ya binadamu ikiambiwa ibuni kitu kisichotabirika hurudi kwenye mistari ya nyimbo, aya za Biblia, majina ya watoto na methali, na vyote hivyo vimo tayari katika orodha za wadukuzi. Kazi ya kuchagua iachiwe dadu. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alitangaza utaratibu uitwao Diceware, ambao hutumia orodha ya maneno 7,776, idadi inayolingana na matokeo yote ya kurusha dadu mara tano, na kila mirusho mitano huteua neno moja. Msemaji wa Kiswahili anaweza kufanya jambo hilohilo bila orodha yoyote, kwa sababu silabi za lugha yake kwa kawaida huishia kwa irabu na hutamkika hata zikipangwa ovyo.

Utaratibu unaopendekezwa hapa unahitaji dadu moja ya mchezo wa ludo, karatasi na nusu saa ya utulivu. Konsonanti kumi na nane hupangwa katika makundi matatu ya sita sita: kundi la kwanza ni b, ch, d, f, g, h, la pili ni j, k, l, n, ny, p, la tatu ni r, s, sh, t, v, y. Irabu ni a, e, i, o, u kwa mpangilio huo. Kila silabi huhitaji mirusho mitatu. Mrusho wa kwanza huteua kundi, ambapo 1 na 2 ni kundi la kwanza, 3 na 4 ni la pili, 5 na 6 ni la tatu; mrusho wa pili huteua konsonanti ndani ya kundi; mrusho wa tatu huteua irabu, na ikitokea 6 mrusho huo hurudiwa. Kwa hiyo 5, 3, 4 hutoa sho. 2, 5, 2 hutoa ge. 3, 4, 5 hutoa nu. Na silabi hizo tatu zikiunganishwa hutoa shogenu, neno lisilo na maana katika Kiswahili, ingawa linatamkika bila taabu. Maneno manne ya namna hiyo, yaani silabi kumi na mbili, ndiyo siri kuu. Shogenu lenyewe halifai tena kutumiwa na mtu yeyote kwa kuwa limechapishwa hapa, na msomaji atakayelichukua kwa uvivu atakuwa ameipa siri yake pengo la robo nzima.

Nguvu ya siri hiyo inaweza kuhesabiwa, jambo ambalo haliwezekani kwa siri iliyobuniwa na mtu. Konsonanti 18 mara irabu 5 ni silabi 90, na silabi kumi na mbili zinazoteuliwa bila upendeleo huzaa uwezekano unaokaribia 280,000,000,000,000,000,000,000. Wahandisi hupima ukubwa kama huo kwa biti, ambapo kila biti moja ya nyongeza huongeza kazi ya mdukuzi maradufu, na hapa biti ni karibu 78, kiasi kinacholingana na maneno sita ya Diceware. Mdukuzi mwenye mitambo ya kujaribu makisio trilioni moja kwa sekunde angehitaji karibu miaka 9,000 kuyamaliza yote, na kwa wastani nusu ya muda huo. Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu, kwamba matokeo ya dadu yakubaliwe yanavyokuja. Anayerusha mara ishirini akitafuta maneno yanayopendeza sikioni ameanza tena kuchagua, na dadu imegeuka kuwa pambo.

Kukariri silabi kumi na mbili si kazi kubwa kama inavyodhaniwa, mradi zitumike kila siku katika wiki za mwanzo. Karatasi ya dadu inaweza kukaa pamoja na hati za nyumbani hadi mtu aweze kuandika siri yake asubuhi na jioni bila kuitazama. Kuihifadhi karatasi kwa muda si aibu, na mwizi anayevunja nyumba mtaani Katuba hutafuta televisheni na fedha kabla ya kipande cha karatasi chenye maneno yasiyoeleweka.

Jambo la pili ni kanuni ya kuzalisha. Programu za kazi hii, ambazo makala haya yanaziita vizalishi, kwa kawaida hupokea vitu vinne: siri kuu, jina la huduma, jina la mtumiaji, na namba ya toleo ambayo huanza na moja. Vinne hivyo hupitishwa katika hesabu ya upande mmoja ya jamaa ya heshi, kisha matokeo hugeuzwa kuwa neno lenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha wazo hilo kwa kizalishi chao PwdHash mwaka 2005, na baadaye zikaja programu zilizo imara zaidi, kati yake Master Password ya Maarten Billemont, ambayo sasa huitwa Spectre, na LessPass. Uimara huo umo katika upole wake wa makusudi: LessPass kwa kawaida huirudia hesabu mara 100,000 kabla ya kutoa jibu, na Spectre hutumia hesabu iitwayo scrypt, iliyobuniwa na Colin Percival mwaka 2009, ambayo hudai kumbukumbu nyingi ya kompyuta. Mwenye siri haoni tofauti, kwani husubiri kitambo kifupi tu, lakini mdukuzi anayetaka kukisia siri kuu hulazimika kulipa gharama hiyo kwa kila kisio. Yafaa kuchagua programu ambayo msimbo wake wa chanzo umechapishwa na inayofanya kazi bila intaneti, kisha kuweka nakala yake kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta ya ndugu, kwa sababu programu inaweza kuachwa na watunzi wake au kubadilishwa kanuni, na siku hiyo mwenye siri aliyekosa nakala ya zamani atakuwa na siri sahihi isiyofungua kitu. Nakala hiyo haina haja ya kufichwa, na hapo ndipo Kerckhoffs anapomfaa mtu wa kawaida.

Hesabu ya aina hii haina makosa madogo, kwani, kwa mfano wa benki, Rawbank na rawbank ni huduma mbili tofauti kwake, sawa na tmb na tmb.cd. Kwa hiyo mtumiaji hujiwekea sheria moja ya kuandika majina na kuifuata bila kuitafakari upya: herufi ndogo tupu, hakuna nafasi, hakuna nukta, na jina liwe lile ambalo watu huliita kwa mdomo. Simu hupenda kuikuza herufi ya kwanza na kusahihisha maneno isiyoyajua, na tabia zote mbili zinapaswa kuzimwa wakati wa kuandika siri. Herufi za Kifaransa zenye alama, kama é na ç, ziepukwe hata katika majina ya huduma, kwa sababu é inaweza kuandikwa ndani ya kompyuta kwa njia mbili, kama herufi moja au kama e iliyofuatiwa na alama yake. Jicho huona kitu kimoja, hesabu huona vitu viwili. Kiswahili nacho kina mtego wake katika ng' ya ng'ombe, kwani simu nyingine huugeuza mkato ulionyooka kuwa mkato uliopinda bila kumwuliza mtu, na ndiyo sababu sauti hiyo haimo katika jedwali la silabi lililotolewa hapo juu.

Kibodi ni mtego mkubwa zaidi kwa mtu wa Katanga. Kompyuta nyingi za Lubumbashi hutumia mpangilio wa AZERTY, urithi wa Wabelgiji na Wafaransa, lakini anayevuka Kasumbalesa kwenda Zambia au anayesafiri hadi Dar es Salaam hukuta QWERTY, ambapo A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M imehamia safu ya chini, na tarakimu, ambazo kwenye AZERTY hudai kitufe cha herufi kubwa, hupatikana bila kitufe hicho. Vidole vilivyozoea AZERTY vikiandika mwezi kwenye QWERTY hutoa ;zewi, na kwa kuwa skrini huonyesha vitone vitupu mtu huamini kwamba kumbukumbu yake imemsaliti, hujaribu tena na tena, hatimaye akaunti hufungwa. Alama nazo hazikubaliani hata kati ya AZERTY mbili, maana alama ya mshangao kwenye kibodi ya Kibelgiji hushirikiana kitufe na namba 8, na kwenye ile ya Kifaransa ina kitufe chake upande wa kulia. Tahadhari ni rahisi: kabla ya kugusa kisanduku cha siri, mtu aandike a, q, z, w, m katika kisanduku cha jina la mtumiaji, ambacho huonekana wazi, kisha azifute. Jedwali la silabi limeacha m, w na z kwa sababu hiyohiyo, na anayevuka mpaka mara kwa mara anaweza kuacha hata irabu a, akazipa e, i, o, u namba 1 hadi 4 na kurudia mrusho unapotoka 5 au 6. Atapoteza biti chini ya nne, ambazo silabi moja ya kumi na tatu huzirudisha na kuzidi.

Baadhi ya watu hupenda kuepuka programu kabisa na kuzalisha maneno kichwani, kwa mfano kwa kuchukua neno moja na kulipachika herufi mbili za kwanza za kila huduma. Njia hiyo ni dhaifu, kwa kuwa aliyeona neno la Facebook na la Gmail yakiwa bega kwa bega ataona mshono, na mapengo mengine atayajaza mwenyewe. Manuel Blum, mshindi wa tuzo ya Turing ya mwaka 1995, alipendekeza njia bora zaidi ambamo kila herufi hupewa tarakimu kwa bahati nasibu na jina la huduma hugeuzwa kuwa mfuatano wa tarakimu kwa kujumlisha na kubadilisha kichwani. Ni kazi nzuri ya kitaalamu, lakini inadai kukariri jedwali zima na kulifanyia mazoezi, na wachache wataifuata hadi mwisho.

Udhaifu wa vizalishi vyenyewe unapaswa kusemwa bila kupunguzwa. Siri kuu ikijulikana, milango yote imefunguka kwa pamoja, ya jana na ya kesho, na hakuna sanduku ambalo mwizi angehitaji kuliiba kwanza. Tena huduma moja iliyozembea ikiibiwa neno lililozalishwa, mdukuzi anayetambua kizalishi kilichotumika anaweza kulitumia neno hilo kama kipimo cha kukisia siri kuu nyumbani kwake bila kuonekana na mtu. Hapo ndipo mirusho ya dadu na upole wa hesabu vinapolipa, na ndiyo maana kizalishi kilichopewa mazembe2015 kama siri kuu ni hatari kuliko kutokuwa na kizalishi. Kisha huja suala la mabadiliko. Huduma ikidai neno jipya, namba ya toleo hupanda kutoka moja hadi mbili, na namba hiyo haitokani na hesabu yoyote, lazima ikumbukwe. Huduma nyingine hukataa alama fulani au urefu fulani, na ubaguzi huo nao lazima ukumbukwe. Ahadi ya kutohifadhi chochote kwa hiyo haitimii kikamilifu. Kinachobaki ni daftari dogo lenye majina ya huduma na ya mtumiaji kama yalivyoandikwa, namba za matoleo na masharti ya pekee, na daftari hilo si siri ya kuua mtu likionekana, ijapokuwa si la kubandika ukutani.

Yapo pia mambo ambayo njia hii haiyagusi. Namba ya siri ya tarakimu nne ya huduma ya pesa kwa simu ina uwezekano 10,000 tu kwa namna yoyote itakavyozalishwa, na ulinzi wake ni laini ya simu yenyewe pamoja na mfumo unaofunga akaunti baada ya makosa machache. Kinachotakiwa ni kuepuka mwaka wa kuzaliwa na kutomtajia mwenye kabini ya pesa namba hiyo hata foleni ikiwa ndefu. Misimbo ya kurejesha akaunti ambayo huduma humpa mtumiaji haiwezi kuzalishwa, nayo huandikwa karatasini. Maswali ya usalama, kama jina la shule ya msingi au la mama, hujibiwa na mtaa mzima, na afadhali jibu lizalishwe kama neno jingine la siri, kwa kuandika jina la huduma likifuatiwa na neno swali. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kuiambia kampuni ukweli kuhusu shule yake.

Katika kuhamia njia hii barua pepe hutangulia, kwa kuwa huduma nyingi nyingine hutuma huko kiungo cha kubadilisha neno lililosahauliwa, na anayeimiliki barua pepe anamiliki vyote vilivyo nyuma yake. Benki hufuata, kisha mitandao ya kijamii, na akaunti ambazo hazitumiki tena zifutwe. Namba ya simu ya zamani iondolewe katika akaunti zote, kwa sababu laini isiyotumika inaweza kupewa mteja mwingine, naye atapokea misimbo isiyomhusu. Kabla ya kubadilisha neno lolote la kweli, mtumiaji azalishe neno moja la majaribio kwenye simu yake na kwenye kifaa cha pili, na ayalinganishe herufi kwa herufi. Yasipolingana, kosa liko katika sheria yake ya kuandika majina au katika mipangilio ya programu, na ni afadhali ligunduliwe wakati huo.

Siri kuu isiandikwe kamwe kwenye kompyuta ya watu wote, iwe ya mkahawa wa intaneti, ya chuo au ya ofisini kwa mtu, kwa sababu programu inayonasa kila kitufe kinachobonyezwa haionekani na mteja. Neno huzalishwa kwenye simu ya mwenyewe, husomwa kwenye skrini yake, na huandikwa kwenye kompyuta ngeni kama neno la kawaida, hivi kwamba likinaswa hupotea mlango mmoja tu, na toleo la pili huufunga jioni ileile. Kwa mlango wa barua pepe na wa benki hata hilo halipendekezwi.

Hatimaye kuna familia. Mtu aliyeiweka siri yake kichwani peke yake anaweza kumwacha mjane au watoto bila njia ya kufikia barua pepe, picha na akaunti alizoziacha. Siri kuu iliyoandikwa kwa mkono, kwa herufi ndogo zilizotenganishwa vizuri, huwekwa katika bahasha moja iliyofungwa kwa ndugu mmoja. Daftari la huduma, pamoja na jina la kizalishi na kadi ya kumbukumbu yenye nakala yake, huwekwa kwa ndugu wa pili anayeishi nyumba nyingine. Na kila mmoja huambiwa sehemu ya pili iko kwa nani.